Kurekodi somo kwa video: sauti kwanza, programu baadaye

Mwalimu mmoja wa hisabati wa sekondari ameniuliza hivi: "Nataka kurekodi masomo ili wanafunzi wayarudie nyumbani kwenye simu zao. Nina laptopu ya zamani yenye memori ya GB 4 na simu ya Android. Nimejaribu programu kadhaa. Moja inabandika nembo yake juu ya picha, nyingine inaikwamisha mashine, na zote zinanipa sauti kama ya mtu aliye ndani ya tangi. Nikikosea dakika ya kumi na nane inabidi nirudie yote. Na nikimaliza, faili ni kubwa mno, wanafunzi wanashindwa kuipakua. Ninunue programu gani?"

Usinunue programu yoyote kwa sasa, mwalimu. Umetaja kero tano, na ukizitazama mojamoja utaona ni nembo tu iliyo kosa la programu yenyewe. Sauti ya tangi inatokana na mahali maikrofoni ilipo. Kurudia yote kunatokana na kurekodi somo zima kwa mkupuo mmoja. Ukubwa wa faili ni mipangilio. Mashine inakwama kwa sababu imetwishwa mzigo inaoweza kupunguziwa. Ukitoa hela leo ukanunua programu ya gharama, nembo itaondoka na hayo mengine manne utabaki nayo.

Nembo tuimalize haraka. Vifaa ulivyo navyo tayari vina vinasa skrini vya bure ambavyo havibandiki chochote. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza Windows, Alt na R kwa pamoja kuanza kurekodi, kisha bonyeza tena hivyo hivyo kusimamisha. Video utaikuta kwenye folda ya Videos, ndani ya Captures. Kasoro yake ni kwamba kinarekodi dirisha la programu moja tu. Ukihama kutoka kwenye slaidi kwenda kwenye kikokotoo, video haihami nawe, na eneo-kazi lenyewe hakilirekodi kabisa. Windows 11 ina pia Snipping Tool, ambayo siku hizi inarekodi eneo lolote la skrini utakaloliwekea mipaka. Kwenye Mac, tangu toleo la Mojave la 2018, ni Shift, Command na 5. Android kuanzia toleo la 11, lililotoka 2020, ina kitufe cha kurekodi skrini kwenye menyu unayoivuta kutoka juu. Kabla hakijaanza kinakuuliza kama kirekodi na sauti ya maikrofoni, na watu wengi wanapita hapo bila kusoma, baadaye wanajikuta na video bubu. Kwenye iPhone kandamiza kitufe cha kurekodi mpaka alama ya maikrofoni itokee, uiwashe.

Sasa sauti, maana hapo ndipo masomo mengi yanapoharibika. Mwanafunzi anaweza kuvumilia picha yenye ukungu kidogo. Sauti anayoitegea sikio kwa kujikaza haivumilii, ataifunga.

Maikrofoni ya laptopu iko mbali nawe kiasi cha urefu wa mkono, na jirani zake ni feni ya mashine na vitufe unavyovigonga. Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka maradufu, sauti yako inayofika moja kwa moja inashuka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Ila sauti inayorudi kutoka ukutani, darini na sakafuni haishuki hivyo, kwa kuwa imeenea chumba kizima. Kwa hiyo ukikaa mbali, maikrofoni inasikia chumba zaidi kuliko inavyokusikia wewe. Tangi lako ni hilo. Dawa yake ni kusogea: maikrofoni iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kwa pembeni kidogo, isiwe mbele kabisa. Sema "pembetatu" na "pande pacha" ukiwa umeielekeza mdomoni moja kwa moja, utasikia zile "p" zikipiga kishindo. Ihamishie upande wa shavu, kishindo kinakwisha.

Maikrofoni hiyo unayo tayari. Hedifoni za waya zilizokuja na simu, zile zenye kidude kidogo cha kuongelea kwenye waya, zinafanya kazi nzuri kuliko maikrofoni ya laptopu, ilimradi kile kidude kisisuguane na kola ya shati. Kifunge kwa kibanio cha nguo. Ukikosa hizo, tumia simu yenyewe: ilaze juu ya vitabu vilivyopangwa mpaka ifike usawa wa kidevu, iweke kwenye hali ya ndegeni ili simu isiingie katikati, na fungua programu yake ya kurekodi sauti.

Kuhusu chumba, piga kofi moja na usikilize. Kama kofi linaacha mlio unaokawia, chumba hicho hakifai hata uwe na maikrofoni ya studio. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia na nguo kinashinda darasa tupu lenye sakafu ya saruji kwa mbali sana. Zima feni. Kama una jokofu karibu, funga mlango.

Ukirekodi sauti kwa simu huku laptopu ikirekodi skrini, utakuwa na faili mbili zinazotakiwa kwenda pamoja. Usiizime maikrofoni ya laptopu, hata kama sauti yake ni mbaya. Ukishaanza kurekodi kote kuwili, piga kofi moja. Kwenye programu ya kuhariri, sauti inaonekana kama mchoro wa mawimbi, na kofi linasimama peke yake: mstari mwembamba mrefu wenye ukimya pande zote mbili. Sogeza faili ya simu mpaka mstari wake ukae juu ya mstari wa laptopu, kisha nyamazisha sauti ya laptopu. Sauti na picha zitaenda sambamba.

Kipimo cha sauti kinachorukaruka kwenye skrini ya programu unapoongea kisiguse sifuri hata mara moja. Sehemu za juu za sauti yako ziishie kati ya desibeli -12 na -6. Sauti iliyogonga sifuri imekatwa vichwa na hakuna programu ya kuirejesha ilivyokuwa, ilhali sauti iliyo chini kidogo unaipandisha baadaye bila shida.

Kusafisha sauti, tumia Audacity, ni ya bure na imekuwapo tangu mwaka 2000. Kabla hujaanza kufundisha, nyamaza sekunde tano huku inarekodi. Baadaye chagua zile sekunde tano, ingia Noise Reduction kwenye menyu ya Effect, bonyeza Get Noise Profile. Programu inajifunza ngurumo ya chumba chako ikoje. Kisha chagua rekodi yote, rudi pale pale, bonyeza OK. Usiwe na tamaa. Desibeli 6 hadi 12 zinatosha. Ukizidisha, sauti inaanza kubwabwaja kama inatoka majini. Malizia na Normalize ili sauti ipande hadi kiwango kizuri. Ila ufahamu jambo moja: njia hii inaondoa ngurumo isiyobadilika, ya feni au ya umeme. Mwangwi haiuondoi. Mwangwi unauondoa kabla ya kurekodi, kwa kusogea na kuchagua chumba.

Hilo la kurudia dakika kumi na nane kwa sababu ya kosa moja ndilo ninaloliona linawakatisha walimu tamaa kuliko yote, na halina sababu. Ukikosea, usisimamishe kurekodi. Nyamaza kidogo, piga kofi, anza upya sentensi nzima. Wakati wa kuhariri huhitaji kusikiliza rekodi yote ukitafuta makosa yako: yanaonekana kwa macho, kila kofi limesimama pale lilipo. Unakata kuanzia mwanzo wa sentensi iliyoharibika mpaka baada ya kofi, unaunganisha. Kata kwenye ukimya, usikate katikati ya neno.

Na somo lenyewe ligawe. Mwaka 2014 watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchambuzi wa mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi walitazama video za masomo kwenye jukwaa la edX. Walikuta kwamba hata video iwe ndefu kiasi gani, muda wa kati wa mwanafunzi kuitazama haukuvuka dakika 6. Sisemi uiheshimu 6 hiyo kama sheria. Wale walikuwa watu wazima wengi wanaojisomea kwa hiari, na wanafunzi wako wana mtihani mbele yao. Lakini video moja kwa dhana moja, au kwa swali moja lililofanywa hatua kwa hatua, ni mpango mzuri hata bila utafiti. Ukiona umekosea kanuni katika video ya tatu, unarekodi upya hiyo ya tatu peke yake.

Kama unafundisha kwa slaidi na una PowerPoint ya matoleo ya karibuni, huhitaji kinasa skrini kabisa. Ina sehemu yake ya kurekodi, na inaihifadhi sauti ya kila slaidi kivyake, ndani ya slaidi hiyo. Slaidi ya saba ikiharibika, unairudia ya saba, nyingine hazigusiki. Mwisho unaitoa kama faili ya video ya MP4. Ila nyamaza wakati slaidi inabadilika, kwa sababu maneno unayoyasema katika kubadilika huko hayarekodiwi. Ukiisikiliza baadaye utakuta sentensi zimekatwa mikia. Maliza sentensi, badili slaidi, vuta pumzi, endelea.

Lakini wewe ni mwalimu wa hisabati, na hapa nina maoni makali kidogo. Slaidi haifai sana kwa hisabati. Mlinganyo unaotokea wote kwa mpigo umemficha mwanafunzi kile anachokihitaji zaidi, yaani mstari wa pili umetokaje kwenye wa kwanza. Utafiti ule wa edX uliona pia kwamba video za mwalimu anayeandika kwa mkono huku akieleza ziliwashika wanafunzi kuliko slaidi. Salman Khan, mwanzilishi wa Khan Academy, alipoanza kuweka masomo yake YouTube mwaka 2006, alikuwa na skrini nyeusi, kalamu ya kidijitali ya rangi na sauti yake. Uso wake haukuonekana.

Huna kalamu ya kidijitali, una karatasi na simu. Inatosha. Panga vitabu vizito ukingoni mwa meza au kwenye rafu, chomeka simu kati yake kiasi kwamba kamera ya nyuma inatokeza nje na kutazama chini. Weka uzito juu, isije ikadondokea mkono wako. Taa au dirisha liwe upande wa mkono usioandika. Ukiandika kwa kulia, mwanga utoke kushoto, la sivyo kivuli cha mkono kitaangukia pale pale unapoandika. Tumia kalamu nene ya wino mweusi, maana penseli na bairo havionekani kwenye skrini ndogo. Gusa karatasi kwenye skrini ya simu na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, vinginevyo kila mkono unapoingia picha itafifia na kurudi. Kuna jambo dogo litakaloweza kukupotezea rekodi nzima: simu ikitazama chini kabisa haijui upande upi ni wa juu. Ishike kwa mlalo kwanza, anza kurekodi, ndipo uiweke mahali pake. Ukianzia ikiwa tayari imelala, unaweza kupata video iliyosimama wima au iliyopinduka.

Karatasi usiijaze. Igawe mara mbili kwa mstari, andika herufi kubwa kuliko ulivyozoea, na ukifika mwisho wa nusu ya pili badilisha karatasi. Kabla ya kurekodi somo, rekodi nusu dakika, itazame kwenye simu ukiwa umeinyoosha mkononi. Kama vipeo na vijinamba vya chini huvioni vizuri, mwanafunzi naye hataviona.

Je, programu ya kurekodi ya OBS Studio? Umeisikia bila shaka, kila mtu anaitaja. Ni ya bure, haina nembo wala ukomo wa dakika, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na kwa mwalimu anayehitaji kuonyesha skrini, kamera na karatasi kwa pamoja sijaona ya bure inayoizidi. Ila kwa mashine ya GB 4 lazima uipunguzie kazi. Kwenye mipangilio ya Video weka picha inayotoka iwe 1280 kwa 720 na fremu 20 kwa sekunde. Slaidi na maandishi hayahitaji 60. Funga kivinjari, maana kurasa kumi zilizofunguliwa zinakula memori kuliko OBS yenyewe. Kama utatumia kichujio chake cha kuondoa kelele, kuna aina mbili: RNNoise inasafisha vizuri lakini inailemea prosesa, Speex ni nyepesi na ubora wake ni wa chini. Kwa mashine yako, acha vyote, safisha baadaye kwa Audacity. Na rekodi kwa aina ya faili iitwayo MKV, usirekodi kwa MP4 ya kawaida: umeme ukikatika au mashine ikizima ghafla, MKV inabakiza kile kilichokwisha kurekodiwa, wakati MP4 ya kawaida inaweza isifunguke tena. Ukimaliza, ingia menyu ya File, chagua Remux Recordings, itakugeuzia iwe MP4 kwa sekunde chache bila kupunguza ubora.

Vinasa vya ndani ya kivinjari, Loom na vya aina yake, ni vyepesi kujifunza, lakini vinapakia video mtandaoni, na mipango yao ya bure huwa na ukomo wa dakika au wa idadi ya video. Kama intaneti yako ni ya kusuasua, viache. Camtasia ni nzuri kweli, inarekodi na kuhariri mahali pamoja, lakini ni ya kulipia. Nafasi yake itafika siku utakapokuwa unatoa video kila juma na muda wako wa kuhariri umekuwa ghali kuliko leseni. Kwa kukata na kuunganisha, Shotcut ni ya bure na inatosha.

Ukubwa wa faili ni hesabu, na wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Video inapimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate kilobaiti, zidisha kwa 60 upate dakika moja. Video ya kilobiti 2,500 yenye sauti ya 128 inakula karibu MB 20 kwa dakika, kwa hiyo somo la dakika 20 ni karibu MB 400. Hapo hata mimi nisingeipakua kwa data ya simu. Slaidi zinazotulia zinaonekana vizuri kwa kilobiti 400 tu, na sauti ya mtu mmoja anayeongea inatosha kwa 64 ikiwa mono, yaani ya mkondo mmoja: jumla ni MB 3.5 kwa dakika. Dakika zile zile 20 zinakuwa MB 70, na ukizigawa vipande vinne kila kimoja ni MB 17 na ushee. Mkono unaotembea juu ya karatasi unahitaji zaidi, sema 800, karibu MB 6.5 kwa dakika.

Kazi hiyo ya kupunguza faili inafanywa na programu ya HandBrake, nayo ni ya bure. Chagua 720, fremu 20, sauti mono ya 64. Kama hutaki kupanga kilobiti mwenyewe, kuna kipimo kinachoitwa RF: namba ikipanda, faili inapungua. Anza na 24, tazama, panda hadi 28 kama maandishi bado yanasomeka. Kwenye laptopu ya zamani itachukua muda, iache ifanye usiku. Ukibanwa zaidi, punguza picha kabla hujagusa sauti. Na kwa mwanafunzi ambaye hata MB 17 ni nyingi, toa sauti peke yake, MB 5 hivi kwa dakika kumi, umpe pamoja na picha za zile karatasi ulizoandika.

Mambo mawili ya kuangalia kila mara kabla ya kubonyeza kitufe. Zima arifa, kwenye laptopu na kwenye simu, maana ujumbe binafsi ukitokea juu ya skrini utausahau na wanafunzi hawatausahau. Na usirekodi skrini yenye orodha ya alama au majina ya wanafunzi. Video ikishatumwa kwenye kundi moja hujui itaishia wapi. Muziki wa nyuma usiuweke, unashindana na sauti yako na haumfundishi mtu chochote.

Kwa hiyo, ukipata hela ya kununua kitu kimoja, nunua maikrofoni ya kubana kwenye kola, ya waya. Kabla ya kulipa tazama pini yake. Yenye pete tatu nyeusi ni ya simu na ya laptopu zenye tundu moja la hedifoni. Yenye pete mbili ni ya kamera na ya kompyuta zenye tundu la maikrofoni peke yake. Ukiichomeka kwenye simu bila adapta, simu haitaitambua, itaendelea kurekodi kwa maikrofoni yake yenyewe na wewe hutajua. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: anza kurekodi, kwaruza kichwa cha maikrofoni kwa ukucha, kisha kwaruza simu. Sikiliza ni mkwaruzo upi uliosikika kwa nguvu.